Mtoto wa Sindano

Jumapili, 12 Oktoba 1997. Kaloleni, Voi

Kitabu hiki ni cha maoni ya wageni. Kila ukurasa umechorwa mistari: jina, nchi utokayo, maoni. Nilikichukua hotelini siku waliyotupa barua ya likizo isiyo na mshahara, sisi wapishi saba, kwa sababu tangu vurugu za Likoni mwezi wa nane Mzungu akisikia neno Pwani anapanda ndege ya kwenda kwingine. Basi maoni yatakuwa yangu. Jina: Zephaniah. Nchi: Ronge, huko milimani, ingawa nimewalisha watu wa nchi kumi na tisa na sijawahi kurudishiwa sahani ila moja, na yule Mbelgiji alikuwa na malaria.

Naandika kwa sababu mke wangu ana mimba, kila mtu Kaloleni ana neno la kusema juu yake, na nikiwajibu wote nitakauka sauti.

Tryphena ana miezi minne. Tuna miaka kumi na mmoja ya ndoa. Ni mfupi, ananifika kwenye kifungo cha pili cha shati. Hakuna aliyejua kwa nini hazai mpaka mwaka juzi, Daktari Fawaz wa Mombasa alipotoa damu yake ikapelekwa mbali, ikarudi na picha. Nimeiona kwa macho yangu. Vijiti vidogo vimepangwa viwili viwili kama vijiko kwenye droo. Daktari akasema kila chembe ya mwili wa mwanamke huwa na viwili vya aina fulani, na kwa Tryphena chembe nyingine zina viwili, nyingine kimoja tu. Ndiyo sababu ya ufupi, na ndiyo sababu mayai yake ni machache na yanaisha mapema.

"Nimeelewa," nikamwambia. "Sufuria moja ya wali, upande umetiwa chumvi na upande haukutiwa."

Akaniangalia kidogo. "Sijasikia mtu akiieleza hivyo."

Nilichukua kama sifa.

Baada ya hapo ni vidonge, kisha sindano za kuyaamsha mayai, kisha mashine ya kuyahesabu, kisha mimi, Zephaniah, mtu mzima, nikapewa kikopo cha plastiki na chumba chenye kalenda ya kampuni ya mbolea. Niishie hapo. Mbegu zikatiwa kwa mrija. Mara mbili hazikushika, mara ya tatu zikashika.

Daktari hakutuficha kitu. Alisema mimba za wanawake wa hali hii hutoka sana, na zinazokaa, watoto wenye kasoro ni wengi kuliko kwa wanawake wengine: kasoro za vijiti, za moyo, na nyinginezo. Wangapi katika mia, nikauliza. Akasema waliozaa na kuandikwa ni wachache dunia nzima, na akinipa hesabu itakuwa ya kubahatisha. Turudi tarehe kumi na moja Novemba, mtoto apigwe picha kubwa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua. Nimepika maharagwe ya nazi. Tryphena ametapika. Sichukulii kama maoni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mwenye nyumba wetu ni Bi Saadiya. Duka lake la vitambaa liko mbele, sisi tuna vyumba viwili vya nyuma. Watu wao walitoka Lamu zamani, na Kiswahili chake kinakufanya ukionee haya chako. Leo nikienda kuchota maji akanisimamisha.

"Zefania, watu wasema mkeo ana mtoto wa sindano."

"Watu gani?"

"Watu. Mimi nauliza nipate la kuwajibu."

"Waambie ni wangu."

"Hilo nishawaambia. Wataka kujua kama atatoka na viungo vyake vyote."

"Bi Saadiya, hata daktari hajui."

"Basi watu wamshinda daktari, maana mmoja ashaniambia atazaliwa hana kivuli."

Nimerudi na ndoo nusu. Nyingine nimeimwaga kwa hasira. Si hasira, ni mkono uliteleza.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mvua. Redio inasema ni Elnino. Kila kitu sasa ni Elnino. Fundi viatu hakumaliza kiatu changu, Elnino.

Alhamisi, 23 Oktoba

Mama ameshuka kutoka Ronge na kikapu cha viazi vitamu na miwa sita. Miaka sabini na mmoja, ameteremka matope yale yote, kanga haina hata doa. Mimi nikivuka tu barabara narudi kama kiboko.

"Miwa ya nini, Mama?"

"Utajua."

Nilijua. Kwetu milimani mtu akipatwa na jambo, kabla ya kuulizwa mwili, huulizwa moyo, wala si moyo wake, ni wa ndugu zake. Hasira ya jamaa ikifichwa humkalia mtu. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anajaza kinywa, anapuliza nje, na pamoja na ule mpulizo anaitamka hasira yake mbele ya watu na kuiacha iende. Wazee walitumia pombe. Mama ni wa chama cha akina mama kanisani, kwa hiyo anatumia maji ya miwa. Anasema Biblia haijakataza miwa mahali popote.

"Mama, ni vijiti. Nimeviona kwenye picha. Amezaliwa hivyo."

"Sijasema si vijiti. Nasema kuna mtu amekasirika."

Tayari amezunguka ukoo mzima. Kaka yangu Obadiah ametasa, alikuwa na kinyongo cha mpaka wa shamba. Shangazi ametasa. Hata Donald mwenye kinu cha kusaga ametasa, na si ndugu yetu.

"Umebaki wewe," akasema.

"Mimi? Mimi sijakasirika tangu mwaka wa themanini na mbili. Waulize hotelini. Wananiita Bwana Kicheko."

"Ndiyo maana nimeleta miwa sita."

Tryphena alikuwa akiosha vikombe, hakugeuka, lakini niliona mabega yakicheka.

Jumanne, 28 Oktoba

Mama bado yupo. Miwa bado ipo. Paa linavuja mahali patatu, na Mama amepanga sufuria zangu chini ya matone, pamoja na ile ya shaba niliyozawadiwa na Mtaliani. Nimemwambia ile si ya kukinga mvua. Akasema, "Ina tundu?"

Jumamosi, 1 Novemba

Mto Voi umejaa hadi sokoni. Fundi cherehani mmoja amepita akiogelea na mashine yake kichwani. Nimepika sima na mchicha. Tryphena anasema mtoto ameanza kucheza tumboni. Niliweka mkono nusu saa, hakucheza. Nilipouondoa akacheza.

Jumatano, 5 Novemba

Sijui nianzie wapi, na mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Miaka yote hii nilikuwa nikipika hotelini, nikija nyumbani napumzika, jiko ni la Tryphena. Sasa niko hapa kila siku, na mpishi hawezi kukaa jikoni asikague. Leo nilianza na madebe, maana unyevu huu unaleta fukusi. Unga, sawa. Mchele, sawa. Debe la mtama liko nyuma kabisa, nilidhani halijaguswa mwaka mzima, kwani mimi sili mtama. Nikatia mkono mpaka chini. Nikatoa barua.

Ni ya Daktari Fawaz, ya mwezi wa pili, kwa daktari wa moyo hukohuko Mombasa. Haijawahi kufunguliwa. Kiingereza changu ni cha jikoni lakini ni kipana. Niliisoma mara tatu nimesimama na mtama hadi kwenye viwiko.

Nikaenda chumbani. Tryphena alikuwa amelala ubavu.

"Hii ni nini?"

Akaitazama. "Umeanza lini kupekua mtama?"

"Tryphena."

Akaketi. Akasema polepole, kama mtu anayesoma risala. "Watu wenye hali yangu, mshipa mkubwa unaotoka moyoni unaweza kuwa dhaifu. Mimba inausukuma. Unaweza kupasuka."

"Ukipasuka?"

"Zefa, umechinja kuku wangapi?"

Nikakaa juu ya kitanda.

"Alitaka nipigwe picha ya moyo kabla hajanipa sindano," akasema. "Nikamwambia nimekwenda, wamesema mzima, cheti nimekisahau nyumbani. Aliuliza mara mbili. Mara ya tatu hakuuliza."

"Kwa nini?"

"Picha ikitoka mbaya asingenipa."

"Na mimi? Mimi ningekuwa wapi?"

"Wewe ungekubaliana na daktari."

Ni kweli ningekubaliana naye. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Miezi hii mitano nimekesha nikiwaza kama mtoto atakuja na vidole vyote. Kaloleni nzima imewaza hivyo. Bi Saadiya, Mama, yule wa kivuli. Hakuna aliyeuliza kama Tryphena mwenyewe atabaki. Wala mimi sikuuliza, na mimi ndiye ninayelala naye.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika katika kitabu cha wageni. Kisha nikatoka, nikasimama kwenye mvua mpaka Bi Saadiya akaniita dirishani: "Zefania, ikiwa waoga, vua shati."

Alhamisi, 6 Novemba

Sikusema naye. Nimepika ugali, umeungua. Ni mara ya kwanza tangu nijue moto.

Ijumaa, 7 Novemba

Sikusema naye. Mama anatuangalia mmoja mmoja kama anayechagua kuku.

Jumanne, 11 Novemba

Leo ndiyo siku ya daktari. Huko mbele ya Maungu maji yamekula barabara ya Mombasa. Malori yamepanga foleni kutoka huku Voi, na reli nayo imening'inia hewani kama kamba ya nguo. Nimekwenda kwa miguu hadi kituo cha polisi kuuliza kama kuna njia. Askari akaniambia njia ipo, imo ndani ya maji.

Posta, nimesimama kwa saa tatu kwenye foleni ya simu. Nilipompata Daktari Fawaz nilimweleza yote kwa pumzi moja, mtama na barua na cheti ambacho hakikuwahi kuwako.

"Ningemwambia alete cheti," akasema. "Ningesisitiza. Hilo ni langu."

"Sikupiga kugawana makosa, Daktari."

"Asibebe maji. Asipande vilima. Akisikia maumivu ya kifua au mgongoni katikati ya mabega, msingoje chochote. Barabara ikifunguka, mlete siku hiyohiyo."

Nimerudi, nimechukua ndoo kutoka mkononi mwa Tryphena. Hilo nalo alilifasiri kuwa ni kuzungumza, akaniambia asante. Nimekwenda kuchota mwenyewe.

Ijumaa, 14 Novemba

Mama ameponda miwa.

Aliamka na kinu, akatwanga, akakamulia kwenye kibuyu, akaweka kigoda mlangoni, akamkalisha Tryphena hapo. Mimi nikasimamishwa mbele yake kama mwizi wa kuku. Nilikuwa nimechoka kukataa. Siku tisa bila kuongea zinamchosha mtu kama mimi kuliko kuchimba mtaro.

"Jaza kinywa," Mama akasema. "Ukipuliza, sema lililo moyoni. Ukisema uongo, ni afadhali usingefanya."

Nikajaza. Sasa, nieleweke. Mimi kwa miaka ishirini chochote kinachoingia kinywani mwangu nakionja. Ndiyo kazi, ndiyo inayonilisha. Na ile ilikuwa miwa ya Ronge. Ulimi ukaanza wenyewe: tamu, baridi, ina majani kidogo kwa nyuma, hapa ingekaa ndimu. Nikawa nawaza ndimu.

Nikameza.

Mama akaweka kibuyu chini. "Ameimeza," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba.

Bi Saadiya, dirishani: "Kwani ilikuwa aiteme?"

"Hasira yote. Ameirudisha ndani."

"Nilikuwa naonja," nikasema.

Hapo Tryphena akacheka. Hajacheka siku tisa, ikatoka yote pamoja, ameshika tumbo, machozi yanamtoka, Bi Saadiya naye amedakia, hata Mama kona ya mdomo imemponyoka. Mara Tryphena akanyamaza, mkono ukapanda kifuani. Akakaa hivyo.

Sijui ilikuwa muda gani. Nilikuwa nimepiga magoti matopeni mbele yake na sikumbuki nilivyofika.

"Kwikwi," akasema. "Zefa, ni kwikwi tu."

Ikaja nyingine, tukaisikia wote. Mama akanitazama pale chini matopeni, akabeba kibuyu akakiingiza ndani.

Jumamosi, 15 Novemba

Asubuhi nilimwomba Mama kibuyu mwenyewe.

Nilijaza kinywa, nikapuliza, nikasema: Nimekasirika na Tryphena, aliniachia niwaze mtoto na yeye akabeba kifo peke yake kama mzigo wa kuni. Nimekasirika na daktari aliyeamini cheti asichokiona. Nikajaza tena, nikapuliza. Nimekasirika na Mama, kwa sababu kila Krismasi kwa miaka kumi na mmoja alimwuliza mke wangu "bado?" mbele ya watu, na mimi nikifanya mzaha ili tusisikie.

Nilidhani nimemaliza. Mama akajaza kikombe akaninyooshea. "Kuna moja bado."

"Hakuna."

"Zefania."

Nikapuliza. Nikasema: nimekasirika na mtoto. Hajazaliwa, hajanikosea, na usiku namlaumu kama mtu aliyeingia nyumbani na panga.

Tryphena alikuwa akinitazama. Hakushtuka. Akasema, "Nilijua," basi.

Nilikuwa nangoja Mama anikemee. Badala yake akajijazia kikombe. Sijawahi kumwona Mama akitasa. Yeye huwa wa kuwatasisha wengine. Akapuliza, akafuta midomo, akamgeukia Tryphena. "Mimi nilikuchukia kwa huo ufupi wako," akasema. "Nilisema mwanangu ameletewa nusu ya mwanamke. Nilisema hivyo kwa shangazi yake, jikoni, mwaka wa themanini na sita. Sasa nimesema kwako."

"Nilisikia siku ile, Mama," Tryphena akasema. "Dirisha lilikuwa wazi."

Miwa miwili imebaki. Tumeitafuna.

Jumatano, 19 Novemba

Wamepitisha malori machache kwa njia ya pembeni. Makau, dereva wa Kikamba niliyekuwa nikimpa mabaki ya keki hotelini, anaondoka alfajiri na saruji. Nilimwuliza kama ana nafasi. "Kwa mpishi wangu nafasi iko," akasema, "lakini huyo mama akizaa kwa lori mimi nashuka."

Ijumaa, 21 Novemba. Mombasa

Siku mbili kwa mwendo wa saa mbili. Makau aliendesha kama amebeba mayai. Kila shimo alimwomba Tryphena radhi, mimi hakuniomba hata mara moja, na ndiye niliyekuwa nimekalia jeki.

Picha ya moyo kwanza. Mshipa umepanuka kidogo. Si wa kutisha, wa kulindwa. Dawa ya kushusha presha, kulala sana, kupigwa picha kila mwezi, na mtoto atatolewa kwa kisu mwanzoni mwa Machi kabla uchungu haujaanza.

Kisha mtoto. Daktari Fawaz alizungusha kile kifaa tumboni bila kusema, nami najua maana ya mpishi kunyamaza juu ya chungu. Moyo wa mtoto anauona una vyumba vyote vinne. Mikono, miguu, mgongo, sawa. Lakini nyuma ya shingo kuna maji yamekusanyika.

"Maana yake?"

"Pengine si kitu, yatakauka. Pengine ana hali ya mama yake. Pengine ni kasoro nyingine, nzito zaidi. Kwa picha siwezi kusema." Akaeleza kuna sindano ya kuvuta maji ya mimba yapelekwe ng'ambo, vijiti vihesabiwe. Majibu ni wiki tatu, nne, kwa hali hii ya barabara labda zaidi. Na katika wanawake mia wanaochomwa, karibu mmoja mimba hutoka kwa sindano yenyewe.

"Tufanye," nikasema.

"Hapana," Tryphena akasema.

"Tryphena, mimi nikitaka kujua kilichomo nafunua chungu."

"Ukishajua utafanya nini?"

"Nitakuwa najua."

"Hiyo si kazi."

Daktari akakohoa, akasema uamuzi ni wa mama. Nimeoa mwanamke anayeficha barua moja na kukataza ya pili isiandikwe. Tumetoka hapo nimenuna hadi Makupa, kisha nikanunua mahamri nikampa kubwa.

Alhamisi, 25 Desemba. Voi

Krismasi. Hakuna aliyeuliza "bado?". Mama aliuliza kama chumvi imetosha.

Jumatatu, 29 Desemba

Uchaguzi. Mvua. Nimepiga kura nimelowa. Nimerudi nikamkuta Tryphena amepanda kiti anafuta buibui. Nimetoa hotuba ndefu kuliko za wagombea wote.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Wanasema kuna homa ya mifugo, tusile nyama. Mvua imeozesha maharagwe. Nawapikia wanawake wawili mchicha kwa njia thelathini na mbili, na wote wawili wanasema ni mchicha.

Jumanne, 20 Januari. Mombasa

Mshipa umeongezeka unene wa punje ya mchele. Maji ya shingo ya mtoto yamepungua lakini hayajaisha. Daktari anasema yote mawili kwa uso uleule. Ningependa angalau anyanyue nyusi, mtu ajue amlilie nani.

Ijumaa, 6 Februari. Voi

Bi Saadiya alibisha hodi na ufunguo mkononi.

"Dadangu Safaa yuko Mombasa, nyuma ya hospitali, chumba chake kimoja ki tupu. Mkeo akae huko mpaka siku yake. Barabara hii si ya kuaminiwa."

"Bi Saadiya, sijui niseme nini."

"Alhamdulillahi, siku imefika." Kisha, akiondoka: "Na yule wa kivuli nimemwambia asinunue kwangu tena hata leso."

Mwezi wa kumi nilimwona mama huyu kuwa kipaza sauti cha mtaa. Nafuta hayo maoni.

Jumatatu, 2 Machi. Mombasa

Kesho. Nimeambiwa nisimpe chakula baada ya saa mbili usiku. Kati ya siku zote, leo ndiyo ameomba biriani.

Akiwa amelala akaniambia, "Wakikuuliza yupi, useme mtoto."

"Sitasema."

"Zefa."

"Wewe ulijiamulia mara moja bila mimi. Hii ni zamu yangu, na nimeshamwambia Daktari. Nimemwambia wewe."

Alinikasirikia. Alilala amenipa mgongo, mkono wangu ameushika.

Jumanne, 3 Machi

Nilingoja kwenye benchi na mzee mmoja wa Mboghoni aliyetaka kunieleza mifereji ya ndizi za huko. Nilimwacha anieleze. Sasa najua kila mfereji.

Saa nne na robo Daktari Fawaz akatoka. Mama yuko hai. Presha imekaa mahali pake, mshipa umehimili, ingawa wiki hizi za mwanzo bado ni za kuangaliwa kwa makini na picha zitaendelea. Mtoto ni wa kike, kilo mbili na robo, amelia mwenyewe.

"Lakini," akasema.

Akanipeleka kwenye dirisha la vioo. Mdogo, mwekundu, amekunja uso kama mgeni aliyeletewa supu baridi. Ngozi ya shingo imezidi kidogo pembeni. Na miguu, juu ya nyayo, imevimba kama mandazi mawili.

"Tutapima damu," Daktari akasema. "Ila ninavyoona, ana hali ya mama yake. Huenda kwake iko kwenye chembe zote, si nusu. Moyo nimeusikiliza, hauna kelele, tutaupiga picha. Atahitaji madaktari. Pole sana, Zephaniah."

Nilimwangalia huyo mtoto. Tangu mimba ishike nimeogopa kasoro bila kuijua sura yake. Nimeiwazia kila umbo la kutisha. Sasa imelala mbele yangu, na sura yake ni ya mwanamke niliyekula naye miaka kumi na mmoja.

"Daktari," nikasema, "pole ya nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona akinyanyua nyusi.

Alhamisi, 5 Machi

Jua. Mama amefika kutoka Ronge, alikorudi Februari, barabara imepitika, na ameleta soksi alizofuma mwenyewe kwa sufu nyeupe, vijisoksi vya ukubwa wa kidole gumba. Tryphena amekaa ameegemea mito, rangi imerudi. Nesi ameleta mtoto amefungwa hadi kidevuni. "Afunikwe hivyo hivyo miguu," akasema, "kuna wageni wanakuja."

Tryphena akalifungua blanketi. Akaitazama miguu.

"Nilikuwa hivi," akasema. "Marehemu mama alinifunga vitambaa mwaka mzima, watu wasione."

Mimi nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, mzuri kweli, nikaunyamazia.

Mama akachukua soksi moja, akajaribu kuivisha. Haikupita vidole. Akageuza, akajaribu kwa upande mwingine. Nesi akasema labda uvimbe utashuka, bibi azitunze tu. Mama akaupima ule mguu kwa kiganja chake, urefu, kisha unene, akautafuta mwisho wa uzi kwa meno, akaanza kuifumua ile soksi palepale kitandani, sufu ikimwagika mapajani mwake.

"Nesi," akasema, "huyo asifunikwe. Bado nampima."